Sanamu Yangu ya Jangwani

Jumatatu, 5 Aprili 1976

Leo nimedhalilishwa na mtu mwenye shahada ya udaktari. Dakta Fikirini, msimamizi wa miradi yetu ya kuhitimu uzamili, kaniambia mbele ya darasa zima nichague fani moja kama wenzangu: elimu, mazingira, siasa au sanaa. Moja! Nikamjibu kwa heshima zote kwamba mradi wangu utakuwa na fani zote nne kwa mpigo. Darasa likacheka. Akauliza kivipi. Nikamwambia atajionea Jumamosi, waamuzi watakapopita. Ukweli ni kwamba sikuwa najua kivipi.

Atakayeshinda anapewa kazi ya mhadhiri msaidizi. Nafasi moja tu. Mpinzani wangu ni Jashoda, mpole wa kuudhi. Hajawahi kusema kwamba anaitaka hiyo nafasi, na huo ndio ujanja wake.

Jioni nimerudi Kariakoo, nikakaa juu ya gunia dukani kwa baba mdogo Anselmi, na jibu likaja lenyewe. Sanamu! Mkulima, mfanyakazi na mwanafunzi wameshikana mikono. Mikono ni siasa. Kitabu cha mwanafunzi ni elimu. Udongo wa bondeni ni mazingira. Sanamu yenyewe ni sanaa. Nikamweleza baba mdogo. Kaniambia nishuke kwenye gunia, naponda vitunguu vyake.

Jumanne, 6 Aprili

Nimeteremka Jangwani kutafuta kiwanja. Nimekipata! Pametandazika vizuri, kando ya njia wanayopita mashabiki wa mpira. Waamuzi wasipokuja, taifa litakuja.

Lakini Jashoda keshafika. Yeye mradi wake ni mafuriko. Amezunguka miezi nyumba hadi nyumba akiuliza watu maji ya mvua kubwa yaliishia wapi, kisha pale yalipoishia akasimika nguzo nyekundu na kuizungushia mawe. Miezi, kwa nguzo! Na Dakta Fikirini kapiga marufuku mtu yeyote kuweka kazi yake chini ya hiyo nguzo, upande wa bondeni, eti masika yameingia. Kiwanja changu kiko chini ya nguzo.

Jashoda kanionyesha kwa upole nafasi nyingine, huko juu. Nyuma ya jalala! Mkulima, mfanyakazi na mwanafunzi wa taifa huru, nyuma ya jalala! Nimeondoka bila kuaga.

Jumatano, 7 Aprili

Nimeirekebisha nguzo.

Sisemi nimeihamisha. Nimeing'oa tu na kuisogeza bondeni kidogo, hadi kiwanja changu kikawa upande wa juu. Sasa sheria ya Dakta imefuatwa kikamilifu. Jashoda hakuwepo, yuko chuoni anapiga chapa ripoti yake hadi Jumamosi. Mchana ule wa jua kali hapakuwa na mtu wa kuuliza.

Ila nimeudhika sana. Jashoda aliipaka nguzo rangi upya asubuhi hiyohiyo kabla ya kwenda chuoni! Bega zima la kaunda suti yangu ni jekundu. Ndiyo moja tu niliyonayo. Uzembe ulioje, kuacha rangi mbichi mahali ambapo mtu yeyote anaweza kupita na kubeba nguzo.

Ijumaa, 9 Aprili

Sanamu imekamilika! Imenizidi kimo. Baba mdogo kaja kuiona, akaizunguka, kisha akauliza yule mbuzi ni wa nani. Ni mwanafunzi! Kasema basi kitabu kinafanana na mdomo wa mbuzi. Hawa ndio wafanyabiashara wetu.

Bi Zamzam, mama anayeuza vitumbua kule juu barabarani, kaja kutazama pia. Nikamwamkia, nikamshauri ashushe meza na jiko lake hapa karibu na sanamu, maana waamuzi watakuwa na njaa na mwamuzi aliyeshiba hutoa alama nzuri. Akatazama mawingu, akasita. Nikamwonyesha nguzo. Nikamwambia maji hayavuki nguzo ile, imepimwa na msomi.

Akasema, "Ya yule binti wa Kihindi? Basi sawa. Alikaa kwangu siku nzima akiniuliza habari za mafuriko. Yule hadanganyi."

Ikaniuma. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na mtu anamwamini asiyekuwepo.

Jumamosi, 10 Aprili

Dhuluma!

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Nimefika nimemkuta Bi Zamzam ndani ya maji hadi magotini, anapapasa akitafuta sufuria. Meza imekwenda. Jiko limekwenda. Unga wote umekuwa uji. Mkulima amekatika kiunoni, mfanyakazi hana uso. Mwanafunzi alikuwa bado amesimama, kisha akainama polepole kama anayesujudu, akaishia zake. Nililia. Siandiki zaidi kuhusu hilo.

Waamuzi wakafika na miavuli, Dakta Fikirini mbele, Jashoda nyuma na ripoti yake kwenye mfuko wa nailoni. Sikumpa nafasi. Nikainyooshea nguzo kidole, maji yakiwa yameipita kwa mbali, nikasema kwa sauti: tazameni kazi ya uongo! Msomi ameweka alama, wananchi wameiamini, mama wa watu ameangamia! Niliongea vizuri kuliko siku yoyote maishani mwangu. Mwamuzi mmoja akamgeukia Jashoda na kumwambia kwamba kama ni kweli, mradi wake hauwezi kupita.

Jashoda akageuka rangi. Alitazama nguzo. Kisha akapanda mlima. Tukamfuata. Kule juu mawe yake yalikuwa bado yamejipanga duara, na katikati yao shimo tupu. Maji yalikuwa yamefika kwenye mawe yale na kukoma. Yamegusa tu. Kama yaliyosoma ripoti.

Dakta Fikirini akanitazama bega.

"Kasmir," akasema, "hiyo rangi umeipata wapi?"

Nikasema ni mtindo mpya.

Bi Zamzam hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Kasema tu, "Mwanangu, wewe ndiye uliyeniambia nishuke." Halafu akaendelea kukamua khanga yake. Nikakasirika zaidi.

Jumapili, 11 Aprili

Hukumu imetoka haraka kuliko haki. Jashoda amepata nafasi. Mimi narudia mradi mwakani. Na baba mdogo, aliyesikia yote kabla sijavua viatu, kaamua nitauza vitunguu dukani kwake hadi Bi Zamzam apate meza na jiko vipya. Nikasema mimi ni msomi. Kasema vitunguu havibagui.

Mchana Jashoda kaja dukani. Nikadhani kaja kunicheka, nikajiandaa. Kaleta bajia zilizokaangwa na mama yake, Ranjanben, na ushauri: mwakani nichague fani moja, niifanye taratibu, na niwasikilize watu wanaokaa mahali penyewe. Akasema anaweza kunisaidia kuanza.

Ushauri! Kwangu! Nimekula bajia zote kwa hasira.

Jumanne, 13 Aprili

Nimepata usingizi, na akili imerudi. Kosa halikuwa langu wala la sanamu. Kosa lilikuwa Jangwani. Bonde halina nidhamu.

Leo baba mdogo alinituma Kigamboni kupeleka gunia. Nikisubiri pantoni ya kuvukia pale Magogoni, nikateremka ufukoni kunyoosha miguu, na hapo nikasimama kama niliyepigwa. Kiwanja! Kipana, kimenyooka, mchanga mgumu wenye unyevu kidogo, mzuri sana kwa kufinyanga. Mbele ya macho ya wasafiri wote wa pantoni. Hakuna jalala wala nguzo ya mtu. Bahari yenyewe iko mbali kabisa, imejikalia huko kwake.

Wachukuzi wawili walikuwa wamekaa juu ukutani. Mmoja akanipigia kelele, kitu kuhusu saa ya maji kujaa. Nikampungia mkono. Sihitaji ushauri.

Nashangaa tu kwamba jiji zima hili, pamoja na wasomi wake wote, hakuna aliyewahi kufikiria kujenga pale.