Saga ya Marehemu Selpher na Kuku wa Jecinta

Jumatatu, 2 Juni
Kuku wanne wa Jecinta, jirani yangu hapa Kariobangi, wamekula gunia zima la saga, mboga ya majani ninayoipanda kwenye magunia ya udongo uani. Limebaki moja. Saga hiyo inatokana na mbegu ambayo mke wangu, marehemu Selpher, aliitoa kwao. Mbegu nyingine sina. Jumapili unatimia mwaka tangu atutoke. Nimeapa siku hiyo nitakula saga yake, na miche mitatu nitaiacha izae mbegu. Jecinta anasema kuku hawajui mipaka. Tutaona.

Jumanne, 3 Juni
Nimenyunyizia majani pilipili kali, kikombe kizima. Mimi ndiye niliyetoka machozi. Kuku wamekula kwa raha kuliko jana! Nikampigia binti yangu Triza, mwalimu wa bayolojia kule mtaa wa Fedha. Akasema ndege hahisi ukali wa pilipili. Ulimi wake haupeleki habari hiyo kwenye ubongo. Kumbe niliwaungia mboga.

Jumatano, 4 Juni
Triza tena. Uchungu, kuku anauhisi. Na mnyama akila kitu kikamvuruga tumbo, ubongo unaishika ladha ile na kumkataza asirudie, hata kama ni mara moja tu. Nimechemsha mwarobaini mpaka ukawa mweusi. Kila jani limepata. Triza amesisitiza nioshe mara tatu kabla ya kupika. Kana kwamba sijui kuosha mboga.

Alhamisi, 5 Juni
Ushindi! Walidonoa, wakapangusa midomo chini, wakaenda kuharisha mlangoni kwa Jecinta. Sasa wanalipita gunia kwa mbali. Jecinta ameniuliza kama najua kuku wake wana nini. Nimemwambia ni baridi ya Juni.

Jumapili, 8 Juni
Nimevaa shati alilonishonea Selpher. Nimepika saga kwa maziwa kama yeye. Ibada ilichelewa kwisha, kwa hiyo nimeosha mara moja. Tonge la kwanza lilikuwa chungu. Lakini saga ni chungu, nikaendelea. Nimemaliza sahani kwa heshima ya marehemu. Nimetapika hadi saa kumi. Aliyeniletea uji ni Jecinta.

Jumatatu, 9 Juni
Nimesogelea gunia. Harufu ya saga tu, nikarudi nyuma nimeziba pua. Nimekaa kwenye kigoda nikalia. Mwaka mzima nimeilinda ladha ya mke wangu, na sasa siiwezi. Kuku walisimama upande wao wa gunia, mimi wangu. Nikampigia Triza, akasema: "Baba, ubongo wako umefanya kazi yake tu. Usiulazimishe. Acha ile miche ikomae, mwakani utaonja kidogo kidogo."

Jumanne, 10 Juni
Kidogo kidogo ni ya kuku. Mimi ni mtu mzima na ubongo ni wangu, utanitii. Nitakula sufuria nzima kwa mkupuo mpaka ulimi usalimu amri. Nimekata saga yote, hata ile miche mitatu. Na safari hii nimeosha mara mbili.