Siri ya Mstarini

Jumapili, 8 Juni 2025

Tumeshinda! Moja kwa bila. Aibu tupu. Timu yetu ya Kashojwa, mtaa wa kambi ya wakimbizi huku Uganda, dhidi ya wenyeji, Wanyankore wa ng'ambo ya ziwa, nusu yao wakicheza peku, na bao tumelipata mwishoni kabisa kwa goti la Gradi. Goti! Mshambuliaji mzima.

Baada ya mechi mashabiki tukabaki uwanjani tukibishana mpaka mbuzi wakarudi kula nyasi golini. Claude, fundi baiskeli, Mrundi mwenye sauti ya kengele, akadai dawa ya ushambuliaji wetu ni mipira mirefu. Nikamwambia mipira mirefu ni ya watu wasio na mawazo. Akauliza mimi nina mawazo gani. Nikasema ninayo, ila siyamwagi hadharani. (Sikuwa nayo bado.)

Kocha Damascène hakutujali. Pembeni yake kwenye benchi pako wazi tangu msaidizi wake apelekwe Kanada. Nafasi ile ni yangu! Tatizo, Claude naye anaimezea mate.

Jumanne, 10 Juni

Wazo limekuja! Limenikuta sokoni, kwenye meza yangu ya unga wa muhogo. Wanyankore wale hawajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Sasa kwa nini kocha anawanong'oneza wachezaji wetu? Tupige kelele! Nisimame mstarini, nitangaze kila shambulizi kwa Kiswahili. Wetu waelewe, wapinzani wasikie makelele tu.

Nimepanga mfano mezani kwa nyanya za jirani. Mama mmoja akaja akanunua winga wa kushoto na mabeki wawili. Nikamalizia na vitunguu.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemweleza kocha. Ni mtu mpole, mwanakwaya, hukataa mambo taratibu. Leo hakukataa. Aliuliza tu kama nina hakika, maana Jumapili tunakwenda Mbarara kucheza na vijana wa kambi ya jeshi ya Makenke. Nikamjibu kwamba Uganda ni Uganda, Kiswahili hawakijui kokote. Akasema sawa, nikae benchi. Ila tukifungwa, nisikanyage mstarini tena, na nafasi ni ya Claude. Nikakubali.

Viviane, mke wangu, ambaye huuza sombe, yaani kisamvu, huko Mbarara, akaanza kuniambia jambo kuhusu wake wa askari. Nikamkatiza. Mpira si sombe. Akaendelea kutwanga, nadhani kwa nguvu kuliko kawaida.

Jumapili, 15 Juni

Makenke. Uwanja safi, nyasi zimekatwa. Na mimi benchi! Claude nyuma ya kamba pamoja na watazamaji. Nikampungia mkono.

Mpira ulipoanza nikasimama, nikaita: "Gradi, pita kushoto! Ile fasi iko wazi!" Mabeki watatu wa Makenke wakahamia huko huko. Bahati mbaya, nikadhani. Nikaita katikati, wakajaa katikati. Nikaita krosi, na kipa wao akatoka kuisubiri kabla haijapigwa.

Ndipo mama mmoja muuza chapati akawapigia kelele vijana wao: "Nyinyi, angalia! Ile muzee nasema mpira nakuja kulia!" Uwanja mzima ukacheka. Kwa Kiswahili! Kumbe jeshini ndiyo lugha yao, asubuhi mpaka jioni, watoto wamezaliwa nayo. Kocha akanitazama, kisha akatazama mahali nilipokuwa nimekaa benchi. Claude alikuwa ameshakunja suruali, tayari kuruka kamba.

Kunyamaza ilikuwa sawa na kukiri. Nikaendelea, tena kwa sauti zaidi. Karibu na mwisho nikamlilia Gradi aende kushoto. Makenke yote ikakimbilia kushoto, na kipa wao nyuma yao. Gradi, aliyekuwa amenichoka tangu kipindi cha kwanza, akaenda kulia makusudi. Goli tupu. Moja kwa bila!

Kocha alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema nimelihadaa jeshi. Sikumsahihisha.

Jumatatu, 16 Juni

Ubishi tena, sokoni safari hii. Claude anatangaza kwa kila mwenye baiskeli kwamba tumeshinda kwa sababu Gradi hakunisikiliza. Wivu mtupu. Gradi mwenyewe anasema hivyo hivyo, lakini yeye ni kijana, hajui alivyotumiwa kwa ustadi. Viviane anatwanga tu.

Nafasi bado ni yangu, namshukuru Mungu. Jumapili ijayo tunacheza na Base Camp, mtaa mwingine wa kambi yetu. Timu ile ni Wakongo wa Bukavu na Warundi wa Bujumbura watupu, watu waliosoma, wa kusalimiana kwa bonjour. Kiswahili wanakijua vizuri, kwa hiyo hapo hawanipati. Nimeshafikiria kila kitu. Nitaita kwa Kifaransa.