Elektroni Moja ya Mama wa Stoo

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Shajara yangu, hujambo? Umelalaje humo chini ya godoro? Mimi sijambo kwa neema ya Mungu, ila goti la kushoto linalalamika. Habari yenyewe ni hii: shuleni wanatafuta msaidizi wa maabara. Miaka kumi na tisa nimeifagia maabara ile. Nani mwingine anastahili? Tena kuna koti jeupe, na kiti chenye mgongo!

Mwalimu wa kemia kasema kila mwombaji atengeneze atomu kwa mikono yake, aje kuieleza Ijumaa. Tumejitokeza wawili tu, mimi na mama wa stoo. Mwanamke mpole. Ananisalimia kila asubuhi. Simwamini.

Jumanne, tarehe 4

Nimeazima kitabu. Kumbe si kazi! Katikati kuna kiini. Humo mna protoni, zenye chaji chanya, na nyutroni, zisizo na chaji yoyote, zimekaa tu kama shemeji zangu. Nje huzunguka elektroni, zenye chaji hasi. Protoni na elektroni lazima zilingane. Mzunguko wa kwanza hubeba elektroni mbili, wa pili nane.

Nimechagua neoni. Elektroni kumi: mbili ndani, nane nje, pamejaa. Haiombi cha mtu wala haitoi chake. Gesi ya mcha Mungu! Nimezipanga elektroni kwa maharagwe juu ya kibao, nikaenda kusali.

Kurudi, elektroni zangu zinachemka jikoni. Mke wangu kauliza tangu lini maharagwe yamekuwa kemia. Nimeila neoni kwa huzuni. Haikuwa na chumvi.

Jumatano, tarehe 5

Neoni mpya, safari hii kwa gundi. Nimeiweka kwenye kabati la maabara. Mama wa stoo naye kaleta yake. Sodiamu! Kitambaa cheupe, vifungo vya buluu vimeshonwa kwa mviringo: viwili, vinane, na kimoja peke yake nje kabisa. Yangu kando yake ni sahani iliyomwagika. Halafu kaniambia eti yangu imependeza. Dharau gani hiyo!

Alhamisi, tarehe 6

Nimepata. Nikikinyofoa kile kifungo cha nje, atabaki na protoni kumi na moja, elektroni kumi. Hesabu imevunjika. Aibu tupu! Nimeomba dua kwanza: kama mpango ni mbaya, Mungu aufunge mlango wa maabara. Mlango umefunguka. Ufunguo ninao mimi, kweli, lakini umefunguka.

Uzi nimeukata kwa meno. Mara viatu vya mwalimu koridoni! Nikakibandika kifungo kwenye neoni yangu, katikati ya maharagwe, penye gundi bado mbichi. Mwalimu kapita zake. Nataka kukitoa, wapi! Gundi imeng'ang'ania kama kupe. Kwa mbali hakionekani. Kwa mbali sana.

Ijumaa, tarehe 7

Sijui nianzie wapi.

Mama wa stoo kaliona pengo. Mwalimu akauliza elektroni ya kumi na moja iko wapi.

“Imetoka, mwalimu,” akajibu taratibu. “Sodiamu huiachia ile ya nje kwa urahisi. Sasa protoni zimezidi kwa moja. Hii ni ioni, chaji yake chanya moja.”

Mwalimu akasimama! Akasema wanafunzi wake wote hawajawahi kumweleza ioni vizuri hivyo.

Zamu yangu. Nikaeleza neoni, gesi isiyogusa cha mtu. Mwalimu akahesabu. Akahesabu tena. Akauliza neoni gani hii ina elektroni kumi na moja, na mbona moja ina matundu manne.

Mama wa stoo akainama, akatazama.

“Kaka, hicho ni kifungo cha sweta ya mwanangu.”

Nikasema elektroni huhama zenyewe. Mwalimu kacheka mpaka kavua miwani. Koti jeupe kapewa mama wa stoo. Limemkaa, bahati mbaya.

Jumamosi, tarehe 8

Mama wa stoo kanisamehe. Kasema kifungo nibaki nacho. Nimeguswa, nimetubu, nimelia kidogo.

Sasa sikiliza. Mwezi ujao wanaongeza msaidizi wa pili. Tuko mimi na mpishi wa shule. Mpishi anatengeneza magnesiamu. Safari hii nimesoma sura nzima, sikuruka hata mstari: magnesiamu huachia elektroni mbili, si moja. Kumbe kosa langu lilikuwa hilo tu, kutosoma! Yeye nitamchukulia moja. Moja tu. Atamwambia nini mwalimu?

Nipe shauri lako, shajara yangu, na unijibu upesi. Mpishi bado hajapaka gundi.