Uzinduzi wa Mfumo Mpya wa Kompyuta katika Ofisi ya Vyeti vya Kuzaliwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hakuweza kufika. Mheshimiwa mwakilishi wake, ambaye naye amepata dharura. Ndugu dereva wa mwakilishi, uliyetuletea salamu za wote wawili na ambaye kwa mujibu wa itifaki tumekukalisha kwenye kiti chenye mto. Wakuu wa idara, makaimu wakuu wa idara na wanaowakaimia makaimu. Wajumbe wa Kamati ya Mfumo Endeshi na wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kuisimamia Kamati ya Mfumo Endeshi. Bibi Daftari, mwandishi wetu wa vyeti tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Fundi wa kompyuta, hapo hapo mlangoni ulipoombwa usimame. Wananchi wenye shida mbalimbali. Mabibi na mabwana. (Makofi kutoka mstari wa mbele.)

Nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao, niseme ukweli, sijauona kwa kiongozi mwingine yeyote katika sekta hii, ili kuzindua kompyuta hizi sita mnazoziona mezani, zikiwa zimefunikwa vitambaa vya kijani vilivyodariziwa nembo ya ofisi yetu. Naomba mtu yeyote asiziguse. Ndugu dereva, na wewe pia, tafadhali, usiegemee hapo. (Sauti ya kitu kugongwa. Kicheko kidogo nyuma ya ukumbi.)

Sasa wapo watu, siwataji, wanaopita kwenye korido wakiuliza kwa nini kazi hii imechukua miaka mitatu. Ndugu zangu, kuhama kutoka mfumo endeshi wa zamani kwenda mfumo endeshi mpya, yaani ile programu kuu inayoiendesha kompyuta, si sawa na kubadilisha soksi. Ni mchakato. Unahitaji upembuzi yakinifu, unahitaji mpango mkakati, unahitaji maoni ya mastekiholda, na zaidi ya yote unahitaji kiongozi mwenye maono, na huyo Mungu alishawapa. Tulikaa vikao arobaini na moja. Upande mmoja aliongoza Bwana Stoo, akisema tubaki na mfumo wa zamani kwa kuwa watumiaji wameuzoea. Upande wa pili aliongoza Katibu Muhtasi wangu, akisema mfumo wa zamani hauna tena ulinzi, waliouunda wameshaunawia mikono, na mfumo mpya una madirisha yenye kona za mviringo, zinazopendeza kwa ofisi ya umma. (Makofi.)

Mjadala ulikuwa mkali. Vikao vya tisa hadi ishirini na mbili vilihusu jambo moja tu, nalo ni kitufe cha kuanzia, ambacho katika mfumo wa zamani kinakaa pembeni na katika mfumo mpya kimehamia katikati. Bwana Stoo aliuliza nani aliyekihamisha na kwa idhini ya nani. Swali zito sana. Tuliunda timu, timu ikasafiri, timu ikarudi na picha. Nami nikatoa uamuzi ambao historia itanikumbuka kwao, kwamba kitufe kibaki katikati, lakini kila mtumiaji awe huru moyoni mwake. (Mstari wa mbele wanasimama. Wanakaa.)

Ni mtu mmoja tu aliyejaribu kutukwamisha. Kwenye kikao cha kwanza kabisa, fundi wa kompyuta aliuliza swali ambalo halikuwa kwenye ajenda. Tukamwondoa kwenye kamati kwa heshima zote, na ndiyo maana leo anasimama mlangoni.

Nije kwenye takwimu, maana mimi siongei bila namba. Ili kuupisha mfumo mpya, siku ile ile tulipoanza vikao niliagiza Bibi Daftari aache mara moja kuandika vyeti kwa mkono. Zamani mwananchi alikuwa anakuja, Bibi anafungua daftari, anaandika, anagonga muhuri, dakika ishirini mtu kaondoka. Dakika ishirini, ndugu zangu, bila dashibodi, bila namba ya foleni, bila chochote. Ilikuwa aibu. Daftari nikalifungia kabatini, na kwa kuwa sipendi mambo ya kubahatisha, ufunguo ninao mimi mwenyewe. Tangu hapo ofisi hii imehudumia wateja mia moja hamsini na sita, kila mmoja kwa maelezo ya kina kwamba mfumo unaboreshwa, na hatujapokea kosa hata moja la uandishi kwenye cheti. Sifuri. (Makofi marefu. Mwanamke mmoja anasimama katikati ya ukumbi, kamshika binti yake mkono.)

Mama, maswali mwishoni. Mama. Haya, ongea, sisi ni serikali inayosikiliza.

(Mwanamke: «Samahani, mkubwa. Mimi hata sijui mfumo ni nini. Huyu mwanangu anafanya mtihani mwaka huu, na shule wamesema bila cheti cha kuzaliwa hawamwandikishi. Mwisho Ijumaa hii. Nakuja hapa kila Jumatatu, miaka mitatu sasa. Bibi huyu hapa, kalamu anayo mkononi, daftari liko kabatini, ufunguo unao wewe mfukoni. Tufungulie tu dakika ishirini, baba.»)

(Bibi Daftari anavaa miwani yake.)

Bibi, vua miwani. Asante. Mama, nimekusikia na nimeguswa, kama mzazi na kama Mkurugenzi. Lakini ukiniomba nifungue kabati siku ya uzinduzi, mbele ya dereva wa mwakilishi wa Mgeni Rasmi, unaniomba niirudishe ofisi gizani kwa sababu ya mtoto mmoja. Siwezi. Ningekuwa mtu mdogo, ningefungua. (Mstari wa mbele hawajui kama wapige makofi. Wanapiga.) Na wewe binti, usilie, wenzako wangapi wamepata bahati ya kuhudhuria uzinduzi?

Tusonge mbele. Nikisema «Mfumo», mnasema «Mpya». Mfumo! (Mstari wa mbele: «Mpya.») Cheti mkononi! (Mstari wa mbele: «Kero jalalani.») Nyuma sijawasikia. Basi, si lazima.

Kabla sijakaa, niwashukuru walioifanya siku hii iwezekane. Namshukuru mshonaji wa vitambaa. Namshukuru kwa namna ya pekee fundi seremala wa hapo nyuma ya uzio, aliyezitengeneza kompyuta zote sita kwa siku nne tu, kwa mbao laini, akazipiga msasa mpaka vitambaa vikakaa vizuri bila kunasa. Kamati ilishauri, kwa busara, kwamba huwezi kununua kompyuta kabla hujaamua zitumie mfumo gani, na pia huwezi kuahirisha uzinduzi ambao kadi zake zimeshasambazwa. Kwa hiyo namshukuru hata fundi wa kompyuta, ambaye leo namjibu hadharani lile swali lake la kikao cha kwanza, alipouliza kompyuta zenyewe ziko wapi, na hiyo ya zamani tunayotaka kuiboresha ni ipi. Ndugu fundi, ya zamani haikuwahi kuwepo, na mpya ziko Awamu ya Pili. (Fundi anafungua mlango na kutoka.)

Mwisho, namshukuru mama huyu aliyesimama, na naomba asimame tena tumwone. Wengine walikuja mara moja, wakakata tamaa, hata jina hawakuacha. Yeye alirudi kila Jumatatu, akasaini kitabu cha wageni, na wale wateja mia moja hamsini na sita niliowataja ni yeye peke yake. Bila yeye tusingekuwa na takwimu. Namshukuru pia binti yake, ambaye kwa mujibu wa kumbukumbu za ofisi hii bado hajazaliwa, na tunamtakia mafanikio mema kwenye mtihani wake.

Asanteni kwa kunisikiliza. Bibi, hebu nyoosha kile kitambaa cha mwisho, mbao inaonekana.