Pipa Jekundu Juu ya Barafu

Ijumaa, 19 Aprili
Nyuzi tatu chini ya sifuri. Ziwa limeganda kama kawaida. Pipa jekundu bado limesimama juu ya barafu, hatua hamsini kutoka ufukweni, limefungwa kamba inayofika hadi kwenye saa ndani ya kibanda cha kamati. Barafu ikiachia, pipa linaondoka, kamba inavutwa, saa inasimama. Aliyebashiri karibu zaidi ndiye bingwa wa mji, na jina lake linachongwa kwenye ubao wa ukumbi. Jirani yangu Verna, mjane wa miaka sabini na moja, ameshachongwa mara tatu. Mimi, Orest Hnatiuk, niliyewapelekea watu hawa barua miaka thelathini, kwenye theluji na kwenye mbu, sijachongwa hata herufi moja!

Februari nilisimama mbele ya ukumbi mzima, nikatangaza: Verna akishinda mara ya nne, nitamzolea theluji mlangoni majira yote ya baridi yajayo. Akishindwa, atanizolea yeye. Akauliza kama kwanza nimeshauriana na kiuno changu. Watu walicheka hadi kahawa ikawatoka puani.

Kiuno ni kibovu kweli. Ndiyo maana lazima ashindwe.

Yeye kabashiri tarehe 29, saa nne na robo asubuhi. Mimi 24, saa tisa alasiri. Barafu itabidi isaidiwe kidogo.

Jumamosi, 20 Aprili
Majivu! Kitu cheusi hula jua, barafu chini yake huyeyuka. Nani mwingine angefikiria hilo? Tatizo: tangu tarehe 15 kamati imekataza mtu kukanyaga ziwa. Suluhisho: ndoo tatu za majivu ya jiko na ile mashine ya kupulizia majani. Nikasimama ufukweni, nikawasha.

Upepo ukageuka. Robo ya majivu ilifika kwenye barafu. Yaliyobaki yalinifika mimi, pamoja na mashuka ya Verna, ya kwanza kuanikwa nje mwaka huu. Akaja uani akiwa na kikapu. Orest, baba, akasema, sikujua Jumatano ya Majivu siku hizi inaangukia Jumamosi. Mke wangu Lorraine alinivua nguo barazani. Nyuzi mbili chini ya sifuri!

Jumatatu, 22 Aprili
Theluji. Sentimita ishirini! Majivu yangu yamelala chini ya blanketi nene, na barafu nayo inajifunika vizuri. Verna kanitumia beleshi lake kupitia kwa Lorraine. Eti nianze mazoezi mapema.

Jumatano, 24 Aprili
Siku yangu. Saa nane nilikuwa ufukweni na kiti na chupa ya chai. Saa tisa kamili: kimya. Kunguru akatua juu ya pipa, akajisaidia, akaenda zake. Nilikaa hadi saa kumi na mbili, nikiitazama barafu kwa macho makali. Wapi!

Basi, ubao nimeukosa. Lakini dau bado lipo. Ashinde yeyote, hata kunguru, mradi si Verna.

Ijumaa, 26 Aprili
Redio inasema Jumatatu itafika nyuzi kumi na nane juu ya sifuri. Jumatatu ni tarehe 29! Huyu mwanamke ana mkataba na mawingu?

Nimepata dawa. Babu yangu alifunika barafu kwa maranda, ikadumu hadi Agosti. Kwa hiyo tusiiharakishe tena. Tuicheleweshe! Alfajiri nilisukuma mashua ya bati juu ya barafu, mguu mmoja ndani, mmoja nje, magunia manne ya maranda mbele yangu. Nikalizungushia pipa tandiko safi kabisa. Kurudi, mguu wa nje ukazama hadi gotini. Mguu ulirudi. Buti halikurudi.

Jumamosi, 27 Aprili
Ukumbini, habari ni moja tu: maranda yametoka wapi, na lile buti lililonasa kwenye barafu ni la nani? Merv, mwenyekiti wa kamati, alipitisha darubini meza kwa meza. Nami nilitazama. Nikasema watu wengine hawana haya. Verna alinywa kahawa yake taratibu, kisha akaniuliza kama miguu yangu inapata joto.

Jumapili, 28 Aprili
Lo, ziwa linapasuka! Linanguruma hadi vikombe vinagongana kabatini. Bata bukini wamerudi, wanapiga kelele kama wanakwaya walionyimwa chai. Padri Bohdan alibashiri leo saa kumi na moja jioni, na saa hiyohiyo barafu yote ya karibu na ufukwe ikaachia. Yote, ila duara moja la maranda. Pipa langu limesimama juu yake kama bwana harusi. Nilimpa padri pole, moyoni nikacheza ngoma.

Jumatatu, 29 Aprili
Saa nne asubuhi. Nyuzi kumi na nane. Mji mzima ufukweni, watu na kaptura zao. Duara imara! Nikaanza kumweleza Verna anavyopaswa kushika beleshi ili asiumie.

Ukaja upepo. Kaupepo kadogo tu. Duara likasogea, zima, na pipa lake, polepole, likavuta kamba. Saa ikasimama: saa nne na dakika kumi na sita.

Honi, vigelegele, mbwa wote wa mji! Merv akatangaza kwamba bila maranda pipa lingezama jana, na bingwa angekuwa padri. Verna akanishika mashavu, akanibusu mbele ya watu, akasema hajawahi kupata jirani mwenye msaada kama mimi. Nilitaka kununa. Lakini kulikuwa na samaki wa kukaanga, na perohi za Lorraine zenye viazi ndani, na fidla, na jua lile baada ya miezi sita! Nilicheza na Verna mara mbili. Nilifurahi, sifichi.

Jumanne, 30 Aprili
Kiuno kimekataa kuamka. Nimepata wazo nikiwa kitandani.

Nimemwita Verna dirishani, nikampa dau jipya: theluji ya kwanza ikianguka baada ya Oktoba kwisha, deni langu limefutwa. Ikianguka kabla, nitamzolea miaka miwili. Alikubali kabla sijamaliza sentensi. Maskini, uzee umeanza kumwingia. Nimeishi hapa miaka hamsini, na theluji imewahi kabla ya Novemba mara arobaini na tisa. Sasa bahati mbaya kama hiyo itaendelea hadi lini?