Moteur ya Muzee Mumba mu nyungu ya shirika

Kazi moja, njo lundi, tarehe 4 mwezi wa munane

Leo nimeleta moteur ya ndege ku nyumba. Ndege ya kuchezea, ile inarukaka na télécommande. Inaenea mu mukono, lakini iko ya temps ine, sawa ya motokari. Muzee Mumba alipewaka na patron wake wa chemin de fer. Imeshikamana. Mafuta ya ricin ilikauka ndani, ikakuwa sawa gundi.

Muzee anataka kuisikia dimanche. Shirika yetu, bakristu ba avenue yetu, itakula kwake nyuma ya misa. Muzee iko na binti, Victorine. Mujane sawa miye. Anashonaka manguo, na akicheka mi nasahau kazi. Nataka kumuoa. Muzee anajua. Alisema: Mwenze, ikiimba dimanche, tutasikilizana. Isipoimba, nampa Jeannot.

Sikuuliza atampa Jeannot nini.

Jeannot anatengenezaka mamoto pa barabara. Iko na clé za kila namna. Mi nabebaka masaka ya cement ku dépôt. Niko na tournevis.

Nilimuambia muzee hizi moteur nazijua. Ni ya kwanza kuona.

Kazi mbili, tarehe 5

Nimepiga na marteau. Polepole. Bure.

Jeannot alipita. Aliuliza kama natwanga sombe. Nikamuambia barabara iko mbele, afuate.

Ku dépôt chauffeur mumoja wa camion ya Kasomeno anasema mafuta ya kukauka inaogopa moto tu. Ipike mu mafuta ya motokari, itajiachilia yenyewe. Ile njo akili.

Nyungu yangu iko moja, ya kupikia bukari. Siwezi kuiharibu. Nikaenda kwa Mama Christiane, njo anachungaka manyungu ya shirika. Nikamuambia niko na bageni ba Kasomeno, bandugu ya marehemu Ngalula, bibi yangu. Akanipa nyungu kubwa. Na huruma juu.

Ngalula angekuwa hapa, angeniangalia tu. Ingetosha.

Kazi tatu, tarehe 6

Nimepika. Mbabula, makala, mafuta nyeusi ya camion. Moteur chini, sawa samaki. Harufu ilifika mpaka ku barabara.

Katikati, Mama Christiane huyu hapa, na sahani ya sombe ya bageni. Nikasimama mu mulango na mwili yote. Nikasema bageni balienda kutembea mu ville. Aliuliza nini inanuka vile. Nikasema kwabo banapikaka vile. Akasema, masikini, na akaniachia sombe.

Sombe ilikuwa muzuri sana. Na moteur imefunguka! Hélice, ile panga ya mbele, inazunguka na kidole kimoja. Nani aliniitaka mubeba cement?

Kazi ine, tarehe 7

Nimeifungua yote. Ndani muko soupape mbili za kupitisha pumuzi, na pignon mbili tudogo za meno. Ku pignon moja kuko kadoa, sawa kamepigwa na musumari. Uchafu. Nikachukua papier émeri, nikasugua mpaka inang'aa. Muzee anapenda kintu safi.

Jeannot akakuya ku lupango, akaegama. Aliuliza kama nimechunga ile alama ya pignon. Anasema bila ile alama, soupape zinafunguka saa mubaya, moteur inapiga teke. Nikamuambia alama naijua. Akaenda.

Niliangalia pignon. Imeng'aa kabisa.

Nikairudisha vile ilinipendeza.

Siku ya posho, samedi, tarehe 9

Nimesugua nyungu na muchanga. Nimerudisha. Mama Christiane aliuliza kama bageni balisafiri muzuri. Nikasema balilia kwa kuachana. Naye akalia kidogo. Nikasikia haya, lakini ikapita.

Moteur inataka alcool na ricin. Muzee aliuliza alcool nimetosha wapi. Nikasema pharmacie. Ricin, ndiyo. Alcool ilitoka kwa mama wa lutuku. Nilionja mbele. Iko na nguvu.

Dimanche, tarehe 10

Nataka kuandika mbio.

Nyuma ya misa, bantu bote kwa muzee. Yee mu veste, kwa kiti. Moteur juu ya libao, inang'aa. Maharage mu nyungu kubwa, ile ile. Papa wa shirika, mukubwa yetu, alionja, akasimamisha kijiko. Anasema hii maharage iko sawa ilipita ku garage. Mi nikasema labda ni bitunguu.

Jeannot alinipa batterie ya kupasha bougie moto. Bila maneno. Ile njo ilinitisha.

Nikapiga hélice na kafimbo. Kimya. Nikapiga tena. Puu! Moteur ikapiga teke nyuma, boulon ikajifungua, hélice ikaruka juu ya kichwa ya papa wa shirika, ikaanguka mu maharage.

Victorine akaitosha na louche. Akainusa. Akanusa maharage. Akainusa tena.

— Mama Christiane, anasema, bageni ba Kasomeno njo hawa.

Kazi moja, tarehe 11

Natoka kwa muzee. Victorine aliniamuru nisugue nyungu mbele ya macho yake, na sabuni, mpaka harufu iishe. Yee pembeni, anashona, ananichunga. Mutu mwenye hakutaki anaweza kukuchunga asubui muzima?

Jeannot alikuya. Akapima na macho, akapiga alama mupya na musumari, akarudisha pignon. Moteur ikaimba. Muzee alifunga macho. Akasema: Jeannot, ni yako.

Mi nikasimama na nyungu mukononi. Nikauliza, na Victorine?

Jeannot akacheka. Anasema yee iko na bibi yake Lydie ku nyumba na bana bane, alitakaka moteur tu. Victorine hakucheka. Anasema yee hapana boulon ya kuwekea mu sachet pamoya na moteur. Nikimaliza nyungu tutaongea, anasema, na nisiguse tena kintu cha mutu.

Tutaongea! Alisema mbele ya baba yake.

Mashine yake ya kushona inalia kwi-kwi-kwi. Mafuta imekauka ndani, najua hii ugonjwa. Alipoenda kuchota mayi nilifungua chuma kimoja. Kiko mu mufuko yangu. Atashangaa.

Mama Christiane hatanipa tena nyungu. Lakini ku paroisse kuko moja kubwa zaidi. Kesho naenda kuwaambia bageni banarudi.