Breki Zangu Haziguswi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimetangaza vita! Kwenye kundi la simu la kamati ya harusi, mbele ya ukoo mzima, nimeandika kwamba gari langu la umeme litapita ukaguzi wa mwaka kwa mara moja, bila kubembeleza mtu. Ndiyo, limetumika Japani kabla ya kuja Njombe. Kwani Wajapani hawajui kutunza vitu? Halina oili ya kuvuja. Halina moshi. Halina bomba la kufungwa kwa waya kama la shemeji Ebeneza. Kisichokuwepo kitaharibikaje? Nasubiri mwenye hoja.

Binti yangu Rejoice anaolewa Jumamosi, Makambako. Ameniomba jambo moja tu: nimpeleke kanisani mimi mwenyewe, kwa gari langu. Sasa kamati imepitisha kwamba gari lisilo na stika ya ukaguzi ya mwaka huu haliingii kwenye msafara. Eti mwaka jana bwana harusi mmoja alizuiwa na trafiki njiani mpaka kwaya ikamaliza nyimbo zote na kuanza upya.

Na mwenyekiti wa kamati ni nani? Ebeneza! Kaka wa mke wangu, mwenye pikapu ya dizeli ya kubebea viazi. Yake ina stika. Akajibu kwa upole wa kinafiki kwamba umeme ukigoma nisijali, shemeji, bibi harusi atakaa mbele kwake na matarumbeta nyuma.

Binti yangu anukie viazi? Thubutu!

Jumanne, 10 Juni

Nimeandaa hotuba ya utetezi. Betri, mota, historia ya injini tangu enzi za mvuke. Mkaguzi akiuliza lolote, ataondoka ameelimika.

Oliva, mke wangu, alipita na beseni la nguo akasema magurudumu yana kutu, halafu gari linakwaruza kama mtu anayesaga mahindi. Nikamweleza tena kwa subira. Gari hili ukiondoa mguu kwenye mafuta (hamna mafuta, lakini ndivyo tunavyosema) linapunguza mwendo lenyewe na kurudisha umeme kwenye betri. Kukanyaga breki ni kumwaga umeme barabarani. Ndiyo maana nimepiga marufuku breki nyumbani kwangu. Tangu linunuliwe nimekanyaga siku moja tu, kwa sababu ya ng'ombe.

Akauliza, je, huo ukungu na manyunyu ya Njombe vyote vinalala wapi kama si kwenye hizo breki. Mwanamke mzuri. Hasomi magazeti.

Jumatano, 11 Juni

Nimeteremka Makambako kwa ukaguzi. Njia nzima sijagusa breki! Lori la mbao nyuma yangu lilipiga honi za pongezi.

Mkaguzi ni Afande Hyasinta, mama mnene mwenye tochi. Nikaanza hotuba. Akasema mzee, injini yako sijaiuliza, naomba ukanyage breki. Nikakanyaga. Gari likatoa mlio ambao mbuzi wote wa jirani waliuitikia, kisha likaenda upande kama kaa.

LIMEFELI! Diski zote za breki zimeliwa na kutu. Afande akacheka mpaka akashika boneti. Akasema magari ya namna hii ameyakagua kadhaa, betri zake hazimsumbui, ni breki tu, maana wenyewe wanazitunza kama vyombo vya wageni. Zisuguliwe, zitumike, nirudi Ijumaa.

Nikamwambia gari halijafeli. Limefelishwa na utaratibu uliotungwa enzi za dizeli. Akaniambia nisogeze, nafunga njia.

Ebeneza alishapata habari. Nilipofika nyumbani aliniamkia Kamwene kwa sauti ya msibani, akauliza Rejoice anapenda kiti cha dirishani au cha katikati. Rejoice hakucheka. Aliniuliza tu kama bado natumaini. Nikamwambia baba yako hatumaini, baba yako anajua!

Alhamisi, 12 Juni

Mpango kabambe! Fundi Lenard amezisugua diski asubuhi. Akasema sasa nizitumie kiasi. Kiasi? Katika vita?

Nimekwenda na kurudi barabara ya Kichiwa tangu saa nne. Kasi, breki! Kasi, breki! Mama mmoja aliyebeba kuni alisimama akauliza kama nimetupa kitu. Niliporudi mara ya tatu aliniombea. Oliva aliketi pembeni kwa dakika chache, akashuka, akasema atarudi kwa miguu.

Diski zinang'aa. Nimejitazama ndani yake na kuona mshindi.

Ijumaa, 13 Juni

LIMEPITA! Afande Hyasinta alimulika, akakanyaga, akakubali. Stika iko kwenye kioo! Nilimuuliza kama yuko tayari sasa kuisikia hotuba. Alikuwa na foleni.

Ushindi haufichwi. Nimezunguka Makambako yote na taa zinawaka, nikaenda mpaka Kitandililo kwa wakwe watarajiwa, nikawaonyesha stika, nikawapeleka shangazi wawili sokoni na kuwarudisha. Ndipo nikaanza kupanda kurudi Njombe. Mlima ni mkali. Karibu na nyumbani alama ya kobe, ya betri kuisha, iliwaka kwenye dashibodi na baiskeli ikanipita. Si neno. Nachomeka, asubuhi betri imejaa.

Nimechomeka. Hakuna taa iliyowaka. Upepo umeangusha mti wa mlingoti juu ya nyaya, mtaa wote giza. Umeme utarudi tu. Nimeshalifungia gari riboni.

Jumamosi, 14 Juni

Haukurudi.

Rejoice alitoka na shela lake, akalitazama gari, akanitazama mimi, akapanda pikapu ya mjomba wake. Heri angenitukana.

Lakini kanuni ya kamati inasema gari lenye stika linaingia kwenye msafara. Haisemi liingie kwa nguvu zake! Nikamdai Ebeneza kamba. Kamati nzima ilibishana, nikashinda kwa hoja na kwa kulala mbele ya tairi lake.

Nimevutwa Njombe mpaka Makambako na riboni zangu, matarumbeta yakinipulizia usoni. Na hapo akili ikafanya kazi! Gari likivutwa huku limewashwa, linajichaji. Kila mteremko nilivuna. Ebeneza alipiga kelele dirishani, shemeji, mbona mzito hivyo, umebeba nini? Nikampungia mkono kama kiongozi wa nchi. Pikapu ilitoa moshi mweusi mpaka shela likabadilika rangi.

Kwenye kona ya kanisa Rejoice akamwambia mjomba wake asimame. Akashuka, akakunja shela, akaja kukaa kwangu. Akasema, Baba, twende. Kamba ikafunguliwa. Tukaondoka kimya kimya, kwa umeme wangu! Akaniegemea begani. Macho yangu yaliingia vumbi.

Mlangoni alisimama bwana harusi na mchungaji. Niliondoa mguu, kama kawaida. Rejoice akapiga kelele Baba, breki! Nizichafue, na ndiyo kwanza zimepita? Gari lilipungua lenyewe, kwa heshima, likasimama nyuma ya choo cha kanisa. Bwana harusi alitufuata mbio, na kwaya.

Jumapili, 15 Juni

Nimeandika kwenye kundi: GARI LA UMEME LAFIKISHA BIBI HARUSI KANISANI, LATOKA NJOMBE BILA KUTUMIA UMEME WOWOTE! Dizeli gani itaweza hivyo? Ebeneza amejibu kwa picha ya kamba. Hana hoja.

Umeme umerudi. Betri imejaa. Diski bado zinang'aa kama sahani mpya, na sitaki ziharibike kabla ya ukaguzi wa mwakani. Nimebandika onyo kwenye dashibodi, kwa herufi kubwa, Oliva alisome: BREKI ISIGUSWE.